Nilimzimia Shemeji Sauti ya Kati

Mshauri wangu mpendwa, pokea shikamoo yangu, na kama umri wako hauidai basi igeuze iwe salamu ya kawaida, mimi si mtu wa kugombana na wanawake wenye majibu. Nahitaji msaada wako na nauhitaji kabla ya mnada wa Jumamosi, kwa sababu nimefanya upumbavu, na kibaya zaidi nimeufanya kwa ustadi, maana mimi hata nikiharibu kitu nakiharibu vizuri.

Kwanza umjue unayeongea naye. Mimi ni fundi wa sauti. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha, nikapanda meli, nikawa natia grisi mashine kule chini, nimeona bandari ambazo majina yake siwezi kuyaandika na nimekula vitu vilivyokuwa bado vinanitazama kutoka kwenye sahani. Spika nilijifunzia humo melini, kwa fundi mmoja aliyekuwa na masikio ya popo na roho ya mama mkwe. Niliporudi nchi kavu watu wakawa wananiita Fundi Masikio, na sijawahi kulikataa jina hilo. Sijisifu, nakueleza tu hali ilivyo: ukinipa pipa bovu na waya wa kuanikia nguo, nitakufanyia pipa liimbe.

Kazi yangu ya sasa iko kwenye yadi ya mnada. Ni banda kubwa la mabati, sakafu ya saruji, mageti mawili, na ndani kunauzwa kila kilichomshinda mwenyewe: meza za ofisi zilizofungwa, majokofu, majenereta, viti vya saluni, magari yanayosukumwa. Mwenye yadi ni mama mmoja mpana, mkimya, tunamwita Mama Yadi, na aliniajiri kwa sababu kabla yangu mnada pale ulisikika kama mtu anayegombana na mkewe ndani ya tangi la maji. Mabati yanarudisha sauti, mshauri. Mabati ni wambea kuliko majirani.

Sasa hapa usiruke, najua ninyi mnapenda kuruka mambo ya waya, lakini dhambi yangu iko hapa hapa. Ndani ya boksi moja la spika mle mna spika tatu. Chini kuna ya besi, pana kama sinia. Katikati kuna ya kati, hiyo ndiyo inayobeba maneno ya watu. Juu kuna kijispika tunachokiita tuita, kidogo kama kifuniko cha chupa, chenyewe kinabeba zile kali, sss na fff na mlio wa funguo. Kinachowagawia kazi hawa watatu kinaitwa krosova. Bila krosova, tuita analetewa besi, na tuita akiletewa besi anaungua hapo hapo, ni sawa na kumtwika mtoto mchanga mfuko wa saruji. Watu wengi wanaridhika na krosova ya kiwandani, imejificha ndani ya boksi, makoili na makapasita, inagawa sauti ambayo amplifaya moja imeshaipika yote pamoja. Huo ni upishi wa sufuria moja, kisha unaanza kuchambua kwa kijiko, huyu hali pilipili, huyu hana meno. Mimi nilizing'oa zote. Nikatafuta kadi ya sauti yenye matundu manane ya kutolea, kidude cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu, nikakiunga na kompyuta, na sasa kompyuta ndiyo inayogawa sauti ingali mbichi: fungu la besi linatoka kwenye tundu lake, linakwenda kwenye amplifaya yake, linafika kwenye spika yake, na la kati hivyo hivyo, na la juu hivyo hivyo. Kila mtu na jiko lake. Siku niliyowasha, mshauri, Mama Yadi alisimama kule getini, akasikia mtu akinong'ona kwenye maiki, akasema "eeh". Kwa mtu mkimya vile, hiyo ilikuwa hotuba.

Na yote hayo nayaongoza kwa simu. Natembea yadi nzima, napandisha hapa, nashusha pale. Tena fundi anayejua kazi, akipima, anazima fungu moja moja ili asikie mengine yanafanya nini. Ndivyo nilivyogundua kwamba ukiizima ile ya kati peke yake, mtu anayezungumza hanyamazi. Sauti ipo, tena kubwa, inanguruma chini na inasonya juu, lakini maneno hayamo. Ni kama ganda la yai, limesimama zuri, ukiligusa hamna kitu. Nilicheka peke yangu siku ile, nikaendelea na kazi. Laiti ningeishia kucheka.

Mnadi wa yadi ile ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, nisije nikaonekana sina shukrani. Ana sauti, mshauri, ya kumuuzia jokofu mtu ambaye nyumbani kwake hakuna umeme, na akaondoka nalo anashukuru. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mke wangu, na alimlea kwa ule mdomo: alianza kwa kunadi ndoo na mabeseni kando ya barabara, akapanda, akapanda, mpaka akashika nyundo ya mnada. Mke wangu amevaa viatu vya shule vilivyotoka kooni mwa yule mtu.

Lakini ana utani. Shemeji na shemeji kutaniana hilo halina kesi, na mimi kwenye utani sijazaliwa wa kushindwa, ila utani una haki ya kujibiwa, na yeye ana maiki, mimi sina. Anaweka kabati mbele ya umati, anagonga ubavu wake, anasema, "Hili limestahimili maji, moto na mchwa. Kama dada yangu. Yeye anamstahimili yule pale mwenye nyaya." Yadi nzima inageuka kunitazama. Nikifungua mdomo kujibu, ananiuliza kwenye maiki kama nataka kununua. Mke wangu naye, siku anazokuja kuleta chakula, anacheka mpaka anashika mbavu. Nikavumilia. Mimi nimevumilia mawimbi, nitashindwa kuvumilia shemeji?

Mpaka siku aliyochukua krosova zangu. Zile nilizozing'oa nilikuwa nimezitia kwenye kiboksi chini ya meza, basi yeye akakiokota kile kiboksi, akakipandisha juu ya meza ya mnada, akasema, "Wateja wangu, haya ni matumbo ya spika. Shemeji yangu alizipasua, akatoa matumbo, akafunga, sasa anatuambia wagonjwa wamepona." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akaanza kuyanadi kweli. Hakuna aliyetaka, akatokea mzee mmoja akasema atayachukua ya kuzuilia mlango. Mshauri, nitanie tumbo langu, nitanie kichwa changu, hata kutembea kwangu kitanie. Kazi yangu usiiguse.

Kidole changu kikaenda kwenye simu. Nikazima ya kati.

Mara ya kwanza ilikuwa kama pumzi moja tu. Akafungua kinywa kutupia utani mwingine, ikatoka ngurumo na msonyo, watu wakatega masikio, akagonga maiki, akasema "moja mbili", nikamrudishia. Akashangaa, akaendelea. Mnada uliofuata nikatengeneza kitufe kabisa kwenye ile programu, nikakipa jina, nikakiita Shemeji. Akinadi namwachia, akianza kunitania namzima. Akijaribu maiki namwachia, akirudia utani namzima. Hakuna aliyejua. Hata spika ndogo inayomwelekea mwenyewe nilikuwa nimeifanyia vivyo hivyo, kwa hiyo alichosikia yeye ndicho walichosikia wao. Nilikuwa na raha, mshauri, sikufichi, nilikuwa kama mtu aliyepewa rungu dhidi ya mbu. Halafu mkono ukazoea. Akinadi kwa madaha, namzima. Akikohoa kwa maringo, namzima. Watu wakaanza kulalamika kwamba maneno hawayapati, wateja wakawa hawapandishi bei kwa sababu hawajui wanapandishia nini.

Na hapa ndipo nilipoharibu kuliko kote. Mama Yadi alikuja kwenye meza yangu akauliza kama mitambo imeharibika. Mshauri, ningesema ndiyo. Ningesema waya umelegea, kadi imepata joto, yangeishia pale, ningekaza kitu kimoja cha uongo na kila mtu angerudi kwake na koo lake. Lakini kadi yangu? Matundu yangu manane? Ulimi ulikataa. Nikamwambia mama, mitambo yangu haijawahi kuumwa hata mafua. Nikapiga muziki, ukatoka kama maji ya chemchemi. Nikampa maiki mlinzi wa geti ahesabu, akahesabu, kila namba ikafika hadi barabarani. Kisha nikampa shemeji maiki, na wote wanatazama, na kidole changu kikiwa kwenye kile kitufe kwa woga wa kuumbuka, nikamzima. Ikatoka ngurumo.

Basi ikathibitika, mbele ya watu, kwamba mbovu ni koo la shemeji.

Tangu hapo akawa anapaza. Akaona maneno hayafiki, anapaza zaidi, na mtu akipaza hivyo kila siku koo linavimba kweli. Nilipoogopa nikakifuta kile kitufe, nikamwachia ya kati yote, lakini nimechelewa, safari hii aliyetoka na sauti ya kukwaruza alikuwa yeye mwenyewe. Nikapandisha ya kati nimsaidie, nikapandisha tena, maiki ikapiga mluzi wa kupasua meno, watu wakaziba masikio, na yeye akaweka maiki chini taratibu akasema hata mashine imemchoka. Daktari akamwambia koo limevimba kwa kulazimishwa, apumzike, litarudi. Yeye hakuamini. Anasema sauti ilimtoka kabla hajapaza, ndiyo maana alipaza, na hilo daktari hana jibu lake. Mwenye jibu ni mimi, niko kwenye kona napanga nyaya.

Sasa nyumbani kwake haongei. Anagonga meza wanamletea maji. Mke wangu anachemsha tangawizi asubuhi na jioni, anampelekea kwenye chupa ya chai, anarudi anakaa jikoni anatazama moto. Juzi akaniambia, "Huyo mtu akinyamaza, mimi sijui nitakuwa mtoto wa nani." Alisema polepole tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

Halafu, mshauri wangu, shemeji akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, hakutaka cha ndani, akanivuta karibu ili asilazimike kupaza, akasema, "Shemeji, Jumamosi shika nyundo wewe. Nimeshaongea na Mama Yadi. Mdomo unao, na yadi hii nisingependa iende kwa mtu wa nje." Akanipiga begani. Hakunitania hata kidogo. Ningemlipa anitanie.

Na nitakueleza ukweli mpaka mwisho kwa sababu nimeshaanza: moyo uliruka. Nusu uliruka kwa aibu, na nusu uliruka kwa furaha. Mimi na maiki, yadi nzima ikinitazama. Nimejaribu mbele ya kioo, nimenadi mwiko, nimenadi ndoo, nimenadi mto wa kulalia na nikapata bei nzuri. Mke wangu akanikuta, akasimama, akachukua chupa yake ya tangawizi akaondoka.

Kwa hiyo niko njia panda. Nikisema ukweli, nimepoteza kazi, shemeji na pengine mke, vyote siku moja. Nikinyamaza, nashika nyundo ambayo nimeinyang'anya kwa kidole. Nina wazo la tatu, nalo ni la mtu aliyetembea dunia: niseme kwamba kadi ilikuwa imeharibika kumbe, nimeigundua, nimeitengeneza, sauti ya shemeji haikuwa na kosa tangu mwanzo. Yeye anapona, mimi nimekuwa shujaa, na kadi haiwezi kunishtaki. Unaonaje, mshauri? Naweza kumwambia bila kumwambia?

Ni mimi, Fundi Masikio


MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Marahaba. Umri wangu unaidai.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, sitakudanganya, pale kwenye kabati nilicheka kwa sauti hadi mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka mahali popote. Nimekuona: umeniandikia nusu ya barua kuhusu matundu na mafungu, na mkeo umempa mistari michache tu. Kuhusu matundu yako sina swali, nimeelewa kuliko nilivyotaka. Swali langu ni hili. Mkeo alipokwambia hajui atakuwa mtoto wa nani, wewe ulimjibu nini? Hukuandika. Mtu anayeandika kila kitu hadi bei ya mto wa kulalia, asipoandika jibu lake, ni kwa sababu hakulitoa.

Tuanze na wazo lako la tatu, maana ndilo unalolipenda. Litupe. Najua linavutia, hata mimi lilinivutia kwa dakika nzima. Lakini ulisahau kwamba wewe mwenyewe uliipitisha ile mitambo mbele ya watu, muziki ukatoka, mlinzi akasikika hadi barabarani. Shemeji yako anauza vitu vibovu kwa kazi, unadhani hatajua mtu anapomuuzia kimoja? Ila hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba yule mtu alipoteza kitu bila kujua kimeendaje. Ukimwambia mashine iliumwa, atashika maiki tena, sawa, lakini kila akifungua kinywa atakuwa anasubiri iumwe tena. Na mtu anayeishi kwa koo hawezi kuishi akilisikilizia. Anachohitaji si koo tu, ni kujua kwamba koo lake halikumsaliti. Aliyemsaliti alikuwa na jina na simu mkononi.

Na nyundo unaitaka. Usinifiche kwenye mzaha. Hukuniuliza kama uiache, umeniuliza namna ya kusema bila kusema, na hapo katikati ukaniambia moyo uliruka. Sikulaumu kwa kutaka kusikika, baba. Mtu anatandika nyaya miaka yote ili wengine wasikike, siku moja naye anatamani. Ukataniwa mbele ya watu na huna pa kujibia, hilo linauma, naye shemeji yako ana lake la kujibu. Lakini hilo lina siku yake, na siku yake si hiyo unayokwenda kuomba radhi. Ukilitaja siku hiyo hata kwa kupitia, utakuwa hujaomba chochote.

Sasa sikiliza, na usiongeze la kwako.

Barua hii ikikufikia, nenda kwa shemeji yako siku hiyo hiyo. Usiende na zawadi wala na hadithi za meli. Mwambie unaomba mwende yadi pamoja, wakati hamna watu. Kwenye ile programu yako umesema umekifuta kile kitufe. Kirudishe, kwa siku hiyo tu, na jina lake lile lile, alione. Washa mitambo, mpe maiki, mwambie aseme neno moja kwa sauti ya kawaida, asipaze, daktari amemwambia apumzike na daktari ana akili kukushinda wewe. Akisema, kibonyeze. Asikie ile ngurumo. Kiachie, asikie maneno yake yamerudi. Halafu mpe simu abonyeze mwenyewe, azime, awashe, azime, awashe, mpaka atosheke. Hapo hutahitaji kueleza, na wewe ukielezea huwa unapendeza, sasa siku hiyo usipendeze. Sema maneno machache: ni mimi, nilifanya makusudi, nisamehe. Kisha nyamaza kabisa, na umwache.

Usiseme ulikuwa utani tu. Utani ni pale ambapo wote wawili wana maneno. Ukishamnyang'anya mwenzako maneno, huo si utani tena.

Atakasirika. Anaweza kukufukuza, anaweza kukutupia hiyo simu, na ikivunjika usiniandikie. Anaweza asiseme kitu, na hilo ndilo litakalokuwa gumu, maana wewe ukimya unakuwasha. Kaa nao.

Kutoka pale nenda moja kwa moja kwa Mama Yadi. Mwambie lile jaribio la mlinzi lilikuwa la uongo na aliyelifanya uongo ni wewe. Mwambie Jumamosi hushiki nyundo. Mnada uahirishwe, au anadi yeye mwenyewe, au mlinzi wa geti ambaye tumeshajua anasikika vizuri, anadi yeyote awaye, ila si wewe. Na usiishie kwake, maana wewe ulimwaibisha mtu mbele ya watu, huwezi kumsafisha kwenye chumba kimoja cha watu wawili. Siku ya mnada utakaofanyika, kabla ya chochote kuuzwa, usimame uwaambie wateja kwamba mnadi wao hakuwa na kosa, mtambo ulizimwa na fundi. Sentensi moja. Hiyo ndiyo mara pekee utakayoshika maiki. Mama akikufukuza, kusanya nyaya zako, ondoka kwa adabu, mtu mwenye masikio yako hakosi kazi. Mimi nadhani hatakufukuza, ila usiende ukitegemea nadhani yangu.

Na mkeo umwambie siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha jioni, wewe kwa kinywa chako, asilisikie kwa kaka yake wala kwa jirani. Usimwambie kabla ya kaka yake, kwa sababu atakwenda mbio kumwambia yeye, na wewe utapata mahali pa kujificha nyuma ya mgongo wa mke. Ukishamwambia, ichemshe wewe ile tangawizi. Uipeleke wewe asubuhi, na jioni, mpaka yule mtu apone, hata akiwa hakufungulii mlango. Iache mlangoni uondoke. Akikunyima salamu, peleka. Akiimwaga ukiwa unatazama, kesho peleka nyingine. Mkeo akiona chupa inatoka nyumbani mkononi mwako kila siku, pengine utakuwa umemjibu lile swali.

Kitufe ukifute siku ile kabla hamjatoka yadi, safari hii mbele ya shemeji, na neno la kuingilia kwenye hiyo programu umpe Mama Yadi naye alijue. Fundi mzuri haogopi mtu mwingine kujua mitambo yake inafanya nini.

Mwisho, nikuandae. Koo lile litapona, daktari amesema. Siku moja shemeji yako atasimama tena mbele ya umati, atashika maiki, atakugeukia, na atakutania. Atakutania vibaya, tena kwa haya haya uliyoniandikia, na yadi nzima itacheka mpaka wengine wakae chini, na mkeo atakuwemo. Hiyo ndiyo siku utakayojua umesamehewa, kwa hiyo usiiharibu. Wewe kaa kwenye meza yako, hakikisha ya kati iko wazi, na kila neno limfikie hata yule aliyesimama nje ya geti.